Narudi tupu kutoka Kigali, narudi tupu kutoka Bujumbura. Mbona Kigali kuna dizeli?

TelaTupu aliuliza:

Wakuu, habari za humu. Mimi ni dereva wa semi, nabeba mzigo kutoka bandari ya Dar kwenda juu. Nilianza 2012 nikiwa utingo, 2015 nikakabidhiwa usukani. Ukishapita Kahama, Nyakanazi na Lusahunga unafika Nyakasanza, na hapo njia inagawanyika. Ukinyoosha unakwenda Benako halafu Rusumo, hiyo Rwanda. Ukikata kushoto unakwenda Ngara, Kabanga, unavuka Kobero, hiyo Burundi. Mpaka hapo dereva wa Kigali na dereva wa Bujumbura wamekula vumbi moja na mizani zilezile. Ukivuka, kote kuwili unahamia kuendesha upande wa kulia wa barabara.

Nchi zenyewe kwangu ni mapacha. Milima, migomba, kahawa, chai, watu wengi kwenye eneo dogo. Rwanda kilomita za mraba 26,338, Burundi 27,834, yaani Burundi ndiyo kubwa kidogo. Bahari hakuna huku wala huku. Uhuru wamepata siku moja, 1 Julai 1962. Hata lugha, Mrundi na Mnyarwanda wakiongea mbele yangu hakuna anayemtafsiria mwenzake.

Sasa angalieni. Kigali nikitaka dizeli naingia sheli, nalipa, naondoka. Safari ya Bujumbura najaza tangi pomoni nikiwa bado upande wetu, nikifika kule natia kufuli mbili kwenye mfuniko na nalala humohumo kwenye kabini. Mapema 2025 niliikuta foleni ya magari mbele ya sheli asubuhi naingia mjini. Kesho yake jioni natoka, magari ya mbele ni yaleyale. Mmoja alikuwa na Probox nyeupe, ametandika mkeka pembeni ya gari, ana redio. Alinipungia mkono mara zote mbili.

Halafu pesa. Posho ya safari nje napewa kwa dola. Mwaka 2015 noti ya dola 100 ilinipa Kigali faranga elfu 70 na kitu, Bujumbura laki moja na nusu na kidogo. Miaka kumi baadaye Kigali inanipa laki moja na arobaini na kitu, imepanda lakini inaeleweka. Bujumbura inategemea umemuuliza nani. Benki hawafiki laki tatu. Jamaa wa mtaani, safari ileile, alinipa laki saba kwa noti hiyohiyo moja.

Kinachonichanganya ni hiki. Kurudi, narudi tupu. Kutoka Kigali tupu, kutoka Bujumbura tupu, kama ni kontena narudisha bandarini likiwa halina hata panya. Katika safari kumi labda mbili napata kahawa au chai ya kushusha Dar, na Kigali mara mojamoja madini. Bosi wangu anamchaji mwenye mzigo kwenda na kurudi kwa sababu anajua kurudi hakuna kitu. Kama wote wawili hawana cha kuuza, mbona mmoja ana mafuta na mwingine hana? Nikiuliza kijiweni naambiwa "uongozi". Uongozi gani? "Kigali pasafi." Usafi haununui dizeli. Naomba mtu anipe hesabu.

Mpitaji99:

Jibu ni uongozi mkuu, usizunguke. Pale Kigali ukitupa karatasi chini unakamatwa.

MhasibuMstaafu:

Karatasi tena.

Dereva, nimekaa miaka mingi kwenye ofisi za klirensi nikiandika nyaraka za mizigo kama yako, kwa hiyo nitakujibu kwa tela lako. Kila unachopandisha kule juu, iwe mabati, ngano au matairi, kuna mtu China, India au Dubai amelipwa dola. Kila unaporudi tupu, kuna dola ambazo nchi ile haikuzipata. Rwanda inanunua nje bidhaa za thamani karibu mara mbili ya inazouza. Burundi ni mbaya zaidi: inauza za dola milioni 200 hivi kwa mwaka, inanunua za bilioni moja na ushee. Wote wana pengo, umeliona kwa macho yako. Swali linalobaki ni nani analiziba.

Pengo la Rwanda linazibwa na watu wengi. Kuna misaada, kuna mikopo nafuu ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), kuna hati fungani, yaani karatasi za kukopa, walizouza nje, dola milioni 400 mwaka 2013 na milioni 620 mwaka 2021. Na kuna watalii. Kibali cha kumwona sokwe wa milimani ni dola 1,500 kwa mtu mmoja. Mwaka 2023 utalii uliwaingizia karibu dola milioni 620, yaani mara tatu ya bidhaa zote ambazo Burundi inauza duniani. Huwezi kuiona hiyo kutoka kwenye kabini, dereva, kwa sababu mtalii ni shehena isiyopita mizani wala Rusumo. Anashuka na ndege na dola zake mfukoni.

Burundi nayo ilikuwa na wa kuiziba. Hadi 2015 karibu nusu ya bajeti ya serikali ilitoka kwa wafadhili. Ukaja mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, watu zaidi ya laki nne wakakimbia nchi, wengi wao tukawapokea sisi kwenye kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Machi 2016 Umoja wa Ulaya ukasimamisha misaada ya moja kwa moja kwa serikali, na haukuondoa zuio hilo mpaka Februari 2022. Karibu miaka sita. Hata duka lako la mtaani, mteja anayelipa nusu ya mauzo akiacha kuja miaka sita, sijui utakuwa wapi.

Ila hapa ndipo wengi wanapoishia, na foleni ya yule mwenye Probox hawajaieleza. Maana dola zikipungua, kawaida zinapanda bei tu. Vitu vinakuwa ghali, lakini vipo. Burundi vitu havipo kabisa. Kwa nini? Kwa sababu dola zilipopungua, bei rasmi ya dola ilishikiliwa karibu palepale. Wewe mwenyewe umeshasema: laki tatu benki, laki saba mtaani.

Sasa jifanye wewe ndiye unaleta mafuta. Bei ya pampu inapangwa na serikali, na inapangwa kwa hesabu ya dola rasmi. Ukipata dola benki kwa bei rasmi, unaleta dizeli na faida ndogo unapata. Ila benki dola hawana, au wanazo za kugawa kidogokidogo kwa zamu. Ukizifuata mtaani, kila lita utakayoleta utaiuza chini ya nusu ya ulichoinunulia. Utaleta? Hutaleta. Kwa hiyo dizeli imekosekana kwa kuwa kwenye karatasi ni rahisi mno. Ile iliyopo kwa bei ya kweli iko kwenye madumu vichochoroni.

Geuza upande wa pili, uwe mwenye kahawa. Ukiuza nje kwa njia ya halali unatakiwa dola zako uzipitishe benki, ubadilishiwe kwa laki tatu wakati ukitoka mlangoni tu zina thamani ya laki saba. Zaidi ya nusu ya jasho lako limeachwa kaunta. Utafanya nini? Ama utapunguza kulima, ama gunia litavuka mpaka usiku. Dhahabu ndiyo usiseme, inaenea mfukoni. Basi benki inazidi kukosa dola, bei ya mtaani inazidi kupanda, na wa kuvusha usiku wanazidi kuwa wengi. Mei 2023 walipandisha bei rasmi ya dola kwa zaidi ya theluthi kwa mkupuo, Julai IMF ikakubali mkopo wa dola milioni 271, bei mbili zikasogeleana. Miezi si mingi zikaachana tena.

Kigali dola ina bei moja, au mbili zinazokaribiana sana. Faranga yao inashuka kila mwaka, polepole, na hakuna anayekimbia. Ndiyo maana unaingia sheli unatoka.

Na mkisoma kwamba Mrundi ndiye maskini kuliko wote duniani, ulizeni kwanza wamegawa kwa dola ipi. Rwanda pato la mtu ni kama dola 1,000 kwa mwaka na hesabu haisumbui. Burundi ukitumia ya benki unapata namba moja, ukitumia ya mtaani unapata chini ya nusu yake. Hata takwimu nazo zina soko la magendo.

MwanaBuyenzi:

Mzee Mhasibu, umesema kweli lakini umeanzia 2015 kama vile tulizaliwa siku hiyo.

Mimi nina gereji na duka dogo la spea hapa Buyenzi, Bujumbura. Marehemu baba alikuwa kwenye kahawa. Wakati wa utoto wangu sisi ndio tulikuwa mbele. Miaka ya 1980 Burundi ilijenga vituo zaidi ya mia vya kuoshea kahawa, na kahawa ya kuoshwa ndiyo yenye bei. Rwanda mwaka 2000 ilikuwa na vituo viwili. Viwili! Leo wanavyo mia tatu hivi, na wanunuzi wanapanda ndege kwenda kuonja.

Nini kilitokea katikati? Julai 1989 makubaliano ya kahawa ya dunia yalivunjika na bei ikaanguka, hilo lilitupiga wote. Oktoba 1993 akauawa Rais Ndadaye, tukaingia vitani zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1996, baada ya mapinduzi, majirani wakatuwekea vikwazo mpaka 1999. Ndugu yangu dereva, na malori ya kwenu yalisimama. Rwanda mwaka 1994 walipata mauaji ya kimbari na uchumi wao ukapungua nusu ndani ya mwaka mmoja, hakuna anayetaka kushindana kwa hilo. Ila vita yao ilikwisha kwa upande mmoja kushinda, na mwaka uliofuata wafadhili walikuwa mlangoni. Yetu ilikwisha vipandevipande, kikundi kimoja kinasaini leo, kingine baada ya miaka mitatu.

Na tulikuwa tumeanza kuinuka. 2007 tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki siku moja na Rwanda. 2009 tukaanzisha mamlaka moja ya mapato, makusanyo yakapanda. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2013 kuhusu urahisi wa kufanya biashara ilituweka kwenye nchi kumi zilizopiga hatua zaidi. Burundi hii hii. Mimi mwaka ule nilikopa nikaongeza duka.

Sasa niwaambie bei mbili za dola zinavyofanana ukiwa nyuma ya kaunta. Anakuja mtu asubuhi anataka injekta. Nikimuuzia kwa bei niliyonunulia, faranga zake hazitanirudishia injekta nyingine, maana nyingine naitafuta kwa dola ya mtaani na dola ya mtaani ya jana si ya leo. Nikimpandishia, ananiita mwizi mbele ya watu. Kwa hiyo siku nyingine namwambia sina, na injekta iko kwenye rafu nyuma ya pazia. Mimi, fundi, nimekuwa natunza injekta kama watu wanavyotunza dhahabu. Juni 2023 zile noti za 5,000 na 10,000 zilipofutwa tukapewa siku kumi kuzipeleka benki, na tangu hapo nani ataweka akiba ya faranga? Bora spea.

Mtu wa nje anaona gereji haina kazi, anaandika "uchumi umelala". Haujalala. Umejificha nyuma ya pazia.

Na Rwanda msiifanye pepo. Deni lao limekua sana. Kinachoongoza mauzo yao ni dhahabu, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi juu ya madini ya Kongo yanayotokea Kigali. Februari 2025, baada ya miji ya Goma na Bukavu huko Kongo kutekwa na waasi wa M23 ambao Rwanda inadaiwa kuwasaidia, Uingereza ilisimamisha sehemu ya misaada yake. Wazibaji wa pengo wanaweza kuondoka. Sisi tunajua inavyokuwa.

MamaUjiji:

Habari zenu wanangu. Mimi sijui IMF. Nauza sabuni na unga, napeleka kwa boti Rumonge, na kuna mteja wangu mmoja wa Rwanda nampelekea kwa gari.

Yule wa Rwanda analipa kwa simu, inaingia shilingi, siulizi. Wa Rumonge mwanzoni nilimkopesha kwa faranga, nikamwamini, na alilipa zote hakubakiza hata moja. Ila aliyokopa yalikuwa maboksi arobaini ya sabuni na aliyonilipa yalitosha maboksi kumi na saba. Hakunidhulumu. Pesa ndiyo ilinyauka kwenye daftari.

Sasa hatutumii pesa. Nampelekea sabuni, ananipa machungwa na viazi, nauza Kigoma sokoni, naye anauza sabuni kwake. Mume wangu anasema tumerudi enzi za mababu. Nikamwambia mababu hawakuwa wajinga.

MhasibuMstaafu:

MwanaBuyenzi, nakubali, nilianzia katikati. Na hilo la vita kwisha kwa namna mbili sikuwa nimelitazama hivyo.

Ila nikubishie sehemu moja. Vita na vikwazo vinaeleza kwa nini mna dola chache. Bei mbili ni uamuzi, na kuna wanaokula hapo. Anayepata dola benki kwa laki tatu na kuzitoa kwa mlango wa nyuma kwa laki saba, huyo halimi kahawa, haoshi injekta, wala halali kwenye foleni ya sheli. Mwaka 2020 maduka yote ya kubadilisha fedha yalifutiwa leseni kwa hoja kwamba ndiyo yanapandisha dola. Yakafungwa, na dola ikapanda vilevile. Mtu mwenye ufunguo wa laki tatu ataomba bei moja ya nini?

Kuhusu Rwanda uko sawa. Wamejenga ukumbi wa mikutano, wana ndege, wanajenga uwanja wa ndege Bugesera pamoja na Wakatari, na sehemu kubwa ni ya kukopa. Wamekopa wakajenga vinavyoleta wageni, na ni kamari, inaweza kulipa au isilipe. Lakini mkulima wao wa kilimani bado ni mkulima wa kilimani. Ukitoka Kigali na kwenda mashambani, tofauti na Burundi inapungua sana kuliko picha za mitandaoni. Umeme kwa mfano: Burundi ni kama mtu mmoja kati ya kumi, Rwanda ni nusu ya watu au zaidi, inategemea paneli za sola unazihesabu vipi. Tofauti kubwa, ndiyo. Ila na hiyo nusu nyingine ipo.

TelaTupu:

Shikamoo mzee. Nimesoma mara tatu, ya mwisho nikiwa kwenye foleni ya mizani, nimeelewa. Lile la mtalii kutopita Rusumo limenikaa.

Na nimekumbuka kitu. Kupanda kutoka Bujumbura kwenda Bugarama, wale vijana wa baiskeli wananing'inia nyuma ya tela ili wavutwe mlimani. Zamani wakishuka walikuwa wamejaza ndizi mpaka baiskeli haionekani, wakipanda baiskeli tupu. Siku hizi wanaopanda wengi wana madumu matupu ya njano. Nilikuwa najiuliza wanakwenda kuchota maji wapi kule juu.

Mama Ujiji, pole kwa maboksi.

Nimesikia pia reli ya kutoka Uvinza kwenda Musongati wameshatia saini, kilomita 282, kwa ajili ya nikeli. Utingo wangu anafurahi. Nimemwambia, wewe furahi, nikeli ikianza kushuka kwa treni na mzigo wa kupanda utapanda kwa treni hiyohiyo. Lakini angalau behewa halitarudi tupu, sina ubishi.

Alhamisi napakia mabati ya Bujumbura. MwanaBuyenzi, kuna spea unataka nikupitie nayo Dar? Nambie mapema, Kariakoo nakwenda Jumatano.

MwanaBuyenzi:

Injekta mbili za kichwa cha Kichina, nitakuandikia aina yake kwenye ujumbe wa faragha. Na oili sili nne.

Faranga sikupi, utanilaumu kama Mama Ujiji. Dola sina. Nitakufungia ndagala waliokauka magunia mawili, wa ziwani hapa, wazuri. Dar watakupa shilingi siku hiyohiyo.

TelaTupu:

Fanya matatu. Nafasi ninayo.